Uliza Anti: Chumba chenye baraza kwenye meli ya mtoni, kuna haja?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi na mama tunaenda likizo na meli ya mto Danube kule Ulaya, mama goti linamsumbua, ngazi nyingi hawezi, halafu anaogopa kutapika. Ajenti anatusukumia chumba chenye baraza na bei yake iko juu mno kuliko vile vya chini kabisa. Tuchukue kipi? Na kweli huko mtu haboeki?

JIBU: Marahaba mwanangu. La kutapika mtoe wasiwasi mama, mtoni hamna mawimbi kama ya baharini, muda mwingi hata chai kwenye kikombe haitikisiki.

Sasa chumba. Mimi nisingeanza na baraza, ningeanza na lifti. Meli nyingi za mtoni lifti haifiki sitaha ya chini kabisa wala haipandi ile ya juu ya kuota jua, kwa hiyo ukifuata bei ya chini mama atakuwa anapanda na kushuka ngazi kila mlo na kila matembezi, na goti hilo hapana jamani. Mwambie ajenti akutumie ramani ya meli uone lifti inaishia wapi, chukua sitaha ya katikati, na chumba kisiwe kule nyuma maana injini ziko huko na usiku utazisikia. Dirisha kubwa la kufunguka linawatosha. Hela ya baraza naona iende kwingine, kwa sababu meli zikifika mjini mara nyingi zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu, yaani unafungua pazia asubuhi unatazamana na mtu wa meli jirani anapiga mswaki! Na kushuka nchi kavu mnapita katikati ya mapokezi ya hiyo meli jirani, saa nyingine sitaha hazilingani inabidi mpande hadi juu ndo mvuke, hilo la goti mwambieni meneja wa safari siku ya kwanza tu.

Kuboeka inategemea mnapenda nini. Ni meli ndogo hizi, nyingi abiria hawafiki 200, mnakula ukumbi mmoja, jioni mnaelezwa ratiba ya kesho halafu kuna mtu wa kinanda basi, anayetaka disko mpaka alfajiri atateseka kwa kweli. Raha yenyewe ni mto. Kama safari yenu inaingia kwenye mfereji unaounganisha mto Main wa Ujerumani na Danube, ule uliofunguliwa 1992, msikose kutazama meli ikiingia kwenye loki, yaani lile birika lenye milango ya kupandisha na kushusha meli. Upana wake mita 12, meli mita 11.4, kwa hiyo kila upande inabaki nafasi kama ya rula ya shule, ukuta uliolowa unapita hapo dirishani kabisa, na mikono muiweke ndani tafadhali. Kwenye madaraja mafupi nako sitaha ya juu inafungwa, vyuma vya pembeni vinalazwa, hata kile chumba cha nahodha kinashushwa meli ipite.

Ila kuna jambo maajenti wengi hawalisemi mpaka uulize, nalo ni kina cha maji. Kiangazi cha 2018 na tena 2022 mito ya Ulaya ilikauka vibaya, meli zikakwama, safari nyingine abiria wakamalizia kwa basi au wakahamishiwa meli nyingine mbele ya safari. Maji yakizidi nako meli haipiti chini ya daraja. Kwa hiyo kabla hujalipa soma mkataba, wakiwapandisha basi mnarudishiwa kiasi gani, mizigo nani anabeba, mama atalala wapi, na wakujibu kwa maandishi siyo kwa simu. Mwezi Mei huwa kuna afadhali kuliko Agosti, kama tarehe bado zinabadilika ongea nao wiki hii.