Maswali ya Wasomaji: Discovery 3 Bila Kitabu cha Sevisi

Swali: Asalaam aleikum. Nimenunua Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2008, dizeli ya lita 2.7, gia otomatiki, imetoka Uingereza ikiwa na kilomita 142,000. Aliyeniuzia anasema sevisi zote zimefanyika, ila kitabu hakipo. Nataka kuifunga rimu mpya na tairi za matope kwa safari za Pangani na Lushoto. Je, kuna cha kufanya kabla ya hapo?
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

Jibu: Waaleikum salaam, na hongera kwa gari. Rimu zisubiri. Gari lisilo na kitabu lihesabu kuwa halijawahi kuguswa, na pesa za mwezi wa kwanza zielekeze kwenye kile kinachoweza kuua injini.

Nacho ni mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaofanya valvu zifunguke na kufunga sambamba na pistoni. Injini hii inayo miwili: mkubwa mbele, na mdogo nyuma unaozungusha pampu ya presha ya dizeli. Kiwanda kimeweka kikomo cha kilomita na cha miaka, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa, na cha miaka ni 7. Kwa hiyo zile kilomita 142,000 zisikufariji. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikatika wa mbele, pistoni zinagonga valvu na hapo unaanza kutafuta injini nyingine. Ukikatika wa nyuma injini inazimika papo hapo, usukani unakuwa mzito na breki zinaanza kuwa ngumu. Fikiria hilo likikukuta kwenye kona za kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo.

Akifungua mbele, mwambie fundi abadilishe pia kikaza mkanda, puli yake na pampu ya oili. Pampu inaingiaje hapa? Kikaza mkanda kimefungwa kwenye bodi ya pampu hiyo, na kwenye injini za miaka ya mwanzo bodi ni nyembamba sehemu ile ile. Ikipasuka, kikaza kinachomoka na mkanda mpya uliolipia unaruka. Pampu za baadaye zimeongezwa unene. Kazi ya kufungua ni ile ile, usilipe mara mbili.

Oili ya injini ni 5W-30 yenye namba ya Ford WSS-M2C913-B au C nyuma ya kopo. Soma namba hiyo wewe mwenyewe dukani, usiridhike na "hii ni ya dizeli". Nunua lita 6, mimina 5 baada ya kuweka filta mpya, washa dakika 2, zima, subiri dakika 10, kisha kamilisha kidogo kidogo kwa kijiti. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza. Ulaya walikuwa wakienda kilomita 24,000 kwa oili moja. Kwa joto letu na vumbi letu sisi tunasema 8,000, basi. Injini hizi zinajulikana kwa beringi za krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kusaga na shafti hiyo kukatika, na oili safi ndiyo kinga iliyo mikononi mwako.

Gia boksi ni 6HP26 ya kampuni ya ZF. Utaambiwa oili yake haibadilishwi maisha yote. Usikubali: ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Dalili ya oili iliyochoka ni mtetemo mdogo ukiwa kwenye mwendo wa kutulia, mizunguko ya injini kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika, kama unapita juu ya matuta madogo yasiyoonekana. Sampu yake, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na filta imejengwa ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Gia boksi nzima inabeba kama lita 9 hadi 10, lakini ukimwaga kwa kufungua sampu inatoka zaidi kidogo ya nusu tu. Weka Lifeguard 6 ya ZF au inayolingana nayo kabisa. ATF (oili ya gia otomatiki) ya kawaida ya dukani usiiguse.

Hapa ndipo gereji nyingi zinapokosea. Boksi hili halina kijiti. Kiwango kinapimwa gari likiwa sawa juu ya stendi, injini inaunguruma, oili ikiwa na joto la nyuzi 30 hadi 50. Fundi anapitisha gia zote, sekunde chache kila moja, anarudi P, kisha anajaza kwenye tundu la kujazia mpaka ianze kuchuruzika. Akijaza injini ikiwa imezimwa, oili itakuwa pungufu, na utalijua hilo kwenye mlima wa kwanza. Joto analisoma kwa mashine ya kupima. Asiye na mashine inayosoma gia boksi ya Land Rover, kazi hii asipewe.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ni ile ya rangi ya chungwa, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, yatakula rejeta kutokea ndani.

Na chumvi hiyo hiyo ndiyo sababu ya kulala chini ya gari na tochi. Kule lilikotoka, barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, na sasa umelileta kwenye upepo wa bahari. Kagua mabomba ya chuma ya breki, hasa yanayopita juu ya tangi la mafuta. Kagua na bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini ya mbele, ile inayoshika tairi. Zikiisha utasikia "tok" ukipita tuta, na tairi zitalika upande wa ndani. Bolti za mikono hiyo hushikana na kutu ndani ya bushi mpaka zikatwe kwa grenda, kwa hiyo nunua bolti mpya pamoja na mikono, zipakwe grisi ya shaba kabla ya kufungwa, na alaimenti ifuate siku hiyo hiyo.

Swali: Asubuhi nakuta Discovery 3 yangu imeinama mbele kushoto. Nikiwasha inanyanyuka. Fundi anataka ninunue kompresa ya upepo. Nikubali?
*Msomaji, Chumbageni*

Jibu: Bado, ndugu yetu. Gari lako linakaa juu ya mipira ya upepo badala ya springi za chuma, na kompresa ndiyo inayoijaza. Kama inanyanyuka, kompresa ingali inafanya kazi. Kinachoiua ni uvujaji: inafanya kazi muda mrefu kupita kiasi, inachemka, inaungua.

Anza na betri. Gari hizi zikiwa na betri dhaifu huwasha taa za uongo kwenye dashibodi. Likiwa limepumzika isome volti 12.6 hivi, likiunguruma zaidi ya 13.5. Kisha jioni pima kwa futi kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, andika, na uchomoe waya wa hasi wa betri. Usipouchomoa, usiku kompyuta inaamka na kushusha pembe nyingine zifanane na iliyoshuka, nawe hutajua kosa liko wapi. Asubuhi pima tena. Ikishuka pembe moja tu, ni mpira wa upepo wa pale au kiungo cha bomba lake. Zikishuka za mbele zote mbili sawasawa, shuku bloku ya valvu ya mbele, inayogawa upepo kwenye mipira hiyo miwili. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira na kwenye kiungo: tundu dogo linafanya povu jeupe linalokua taratibu.

Ukishaziba, badilisha rilei ya kompresa (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima), ni bei ndogo na ikinata huunguza kompresa nzima. Na tafadhali sana: mtu asiingie chini ya gari hili kwa kutegemea upepo wala jeki. Linaweza kujishusha lenyewe bila mtu kuligusa. Stendi za chuma kwanza.

Swali: Mvua za masika zikinyesha, kapeti la mbele la Discovery 3 yangu linalowa. Milango imebadilishwa mipira, bado.
*Msomaji, Ngamiani*

Jibu: Si milango, ni kioo cha paa. Kwenye pembe zake za mbele kuna matundu ya kutolea maji, na ukiegesha chini ya mwembe yanaziba kwa vumbi na majani. Fungua kioo, mimina nusu kikombe cha maji kwenye pembe. Yasipodondoka chini nyuma ya tairi la mbele, pitisha mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia, taratibu, ukiuzungusha. Upepo wa kompresa usitumie, unachomoa bomba kwa ndani na maji yote yataishia kwenye nyaya zilizo chini ya kapeti. Kapeti likaushe juani siku nzima likiwa limetolewa, maana sponji lake hubaki na maji hata juu pakikauka.