Maswali na Majibu: Gati, Kreni na Neti za Petri

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana wanaojenga mifumo: ya bandari, ya tiketi, ya karafuu, ya malipo. Wanauliza juu ya neti za Petri, yaani michoro ya maduara (hali au vitu), vijiti (matendo) na tokeni (kete zinazohama duara hadi duara). Sijazijibu zote. Wanaotaka niwafanyie kazi ya skuli wasinisubiri.

Maalim, shikamoo. Neti ya Petri ina tofauti gani na chati ya mtiririko? Mimi naona zote ni maumbo na mishale tu. (Mwanafunzi, Tunguu)

Marahaba. Swali hili huletwa kila muhula, na kila muhula nalijibu. Katika chati uko pahala pamoja tu kwa wakati mmoja. Katika neti, tokeni zimekaa kwenye maduara mengi kwa pamoja, na kijiti hufyatuka pale tu kila duara linalokilisha lina tokeni: hizo huzila, kikaweka nyingine mbele yake. Vijiti viwili visivyogombea tokeni havina wa kwanza wala wa pili. Hilo chati haiwezi kulisema, na mfumo wenye mashine tatu zinazopigiana simu umejaa mambo ya namna hiyo.

Tuna mfumo wa kupangia vyombo gati na kreni. Huduma moja inashughulikia kupakua, nyingine kupakia. Tuliujaribu wiki nzima, haukukwama hata mara moja. Ulipoanza kazi ukaganda: hakuna kosa lililoandikwa, seva imetulia tuli. Bosi anasema seva ni ndogo, tununue kubwa. Kila huduma hufunga kufuli mbili, yaani hushika gati na kreni ili nyingine isivitumie kwa wakati huo. Ya kupakua huanza na gati, ya kupakia huanza na kreni. (Fundi programu, Mjini)

Bwana, jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho. Seva iliyoelemewa hufanya kazi kwa tabu. Yako haifanyi kazi kabisa, kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenziwe.

Chukua karatasi. Chora duara la "gati huru" na la "kreni huru", kila moja na tokeni moja. Mpakuaji mchoree maduara matatu: yupo bure, ana gati, ana vyote viwili. Mpakiaji vivyo hivyo, ila la katikati kwake ni "ana kreni". Vijiti ni sita: kila mmoja anashika cha kwanza, anashika cha pili, anaachia vyote. Sasa hesabu hali zote zinazoweza kufikiwa. Hutoboi usiku, ni sita tu: wote wako bure, mpakuaji ana gati, mpakuaji ana vyote, mpakiaji ana kreni, mpakiaji ana vyote, na ile ya sita, mpakuaji ana gati huku mpakiaji ana kreni. Kutoka hiyo ya sita hakuna kijiti kinachoweza kufyatuka. Ndipo mfumo wenu ulipolala.

Mnasema mlijaribu wiki nzima. Mlijaribu njia zilizotokea kupitwa wiki hiyo, basi. Ili kufika hali ya sita, mmoja lazima aingie katika ule upenyo mdogo baina ya kufuli ya kwanza na ya pili ya mwenziwe. Mezani kwenu mlikuwa watu wawili mnaobonyeza kwa zamu. Bandarini hakuna anayebonyeza kwa zamu. Na seva kubwa yenye kuendesha mambo mengi kwa wakati mmoja inaweza kuuleta mkwamo huo mara nyingi zaidi. Mwambie bosi aweke fedha zake.

Usiishie kuhesabu hali. Yatazame kwa pamoja maduara manne: gati huru, kreni huru, mpakuaji ana vyote, mpakiaji ana vyote. Kila kijiti kinachotia tokeni ndani ya kundi hili lazima kwanza kitoe tokeni humo humo. Kundi kama hilo huitwa sifoni, na likishakauka halijai tena. Katika hali ya sita limekauka. Kwenye mfumo mkubwa ambao huwezi kuziorodhesha hali zake, unatafuta sifoni zinazoweza kukauka, na hapo ndipo neti inapolipa gharama ya kuichora.

Dawa: wote waanze na gati. Hesabu upya, utapata hali tano, na kila moja ina pa kwendea. Tena utaona jambo la ziada: kama hakuna mwengine anayegusa kreni, kufuli ya kreni haina kazi tena, kwani haifikiwi ila na mwenye gati. Masharti manne ya mkwamo yamejulikana tangu makala ya Coffman na wenzake ya 1971. Kulivunja moja, lile la kusubiriana kwa mzunguko, kunakugharimu kubadilisha mpangilio wa mistari miwili ya programu.

Huyu Petri ndiye wa vile visahani vya maabara? (Msomaji, Mkoani)

Siye. Wa visahani ni Julius Richard Petri. Wa neti ni Carl Adam Petri, Mjerumani aliyeandika tasnifu yake mwaka 1962.

Maalim, nimechora vituo 20 vya kununulia karafuu vinavyotuma taarifa makao makuu. Kila kituo kina hali tatu: kinapima, kinasubiri mtandao, kinatuma. Programu ya uchambuzi imekesha, memori imejaa, na haijamaliza. Niongeze RAM? (Mwanafunzi, Wete)

Usiongeze kitu. Neti yako ina maradhi mawili, na wewe umeyachanganya.

La kwanza: nimeona katika mchoro wako kwamba kituo hutuma bila ya kusubiri kupokelewa. Basi duara la "ujumbe uko njiani" linaweza kuwa na tokeni moja, mia, milioni, na hali hazina mwisho. Hapo hata ukinunua memori ya dunia nzima hutamaliza. Watafiti Karp na Miller walionesha mwaka 1969 namna ya kujenga mti wa hali wenye mwisho kwa kuweka alama ya "bila kikomo" pale hesabu inapopanda tu. Tumia huo kugundua duara gani linafurika. Kisha lizibe: weka duara pacha la "nafasi tupu" lenye tokeni tano, kutuma kunakula moja, kupokea kunairudisha. Hata foleni ya kweli katika seva ya makao makuu ina kikomo. Ukisahau kukichora hakiondoki, kitakuja kujitangaza chenyewe msimu wa mavuno.

La pili: vituo 20 vya hali tatu tatu ni tatu ishirini zikizidishwa pamoja, yaani hali 3,486,784,401, kabla hujahesabu ujumbe hata mmoja. Lakini vituo vyako vinafanana vyote! Kwa nini umenakili mchoro mara ishirini? Chora kituo kimoja chenye maduara matatu, utie tokeni 20 ndani yake. Njia za kugawa tokeni 20 katika maduara matatu ni 231. Kutoka bilioni tatu na ushei hadi 231, kwa kufuta. Utapoteza kujua ni kituo gani hasa kinasubiri. Ukikihitaji hicho, zipo neti za rangi za Kurt Jensen wa Aarhus, ambamo kila tokeni hubeba jina la kituo chake. Ila rangi hurahisisha mchoro, hazipunguzi hali zenyewe. Wengi hudhani zinapunguza.

Programu gani nzuri ya neti? (Wasomaji kadhaa)

TINA, LoLA, CPN Tools. Kabla ya zote, karatasi na kete za bao.

Abiria wa boti akibonyeza "lipa" mara mbili, anakatwa mara mbili. Nimeweka sekunde 30 za kusubiri kwenye neti. Inatosha? (Fundi, Chake Chake)

Haitoshi. Neti ya asili haijui saa, inajua tu nini lazima kitangulie nini. Mtafiti Merlin aliongeza muda mwaka 1974, na ni nyenzo nzuri pale swali lenyewe ni la muda. Lako si la muda. Mtandao baina ya Unguja na Pemba haujamuahidi mtu sekunde 30. Weka duara la "tiketi haijalipiwa" lenye tokeni moja, na kijiti cha kukata fedha kiile hiyo. Bonyezo la pili litakuta duara tupu. Katika programu maana yake ni namba moja ya malipo kwa tiketi moja, ikaguliwe na kutiwa alama kwa tendo moja la hifadhidata. Ukikagua kwanza na kutia alama baadaye, umeurudisha ule ule upenyo wa ndugu yetu wa gati.

Na nakuona unaelekea kwenye mishale ya kuzuia, ile inayoruhusu kijiti kufyatuka pale duara likiwa tupu. Tahadhari. Kwa neti za kawaida mtafiti Mayr alithibitisha mwaka 1981 kwamba swali la "hali hii itafikiwa?" lina njia ya kujibiwa, ijapokuwa gharama yake yaweza kutisha. Ukiweka mishale miwili tu ya kuzuia kwenye maduara yasiyo na kikomo, neti inapata nguvu ya mashine ya Turing (kompyuta ya kinadharia iwezayo kila hesabu ya kompyuta), na njia ya kujibu neti zote haipo.

Akili mnemba imenichorea neti ya mfumo wangu, inapendeza sana. Niiamini? (Msomaji, Fumba)

Ikague kwanza. Kufuli moja inashikwa na mtu mmoja: jumlisha tokeni za maduara yote yanayohusika na kufuli hiyo, kisha upitie kijiti kimoja kimoja. Jumla ikibadilika popote, mchoro ni wa uongo. Mchoro wa binadamu mwenzako nao ufanyie hivyo hivyo.

Maalim, naomba unipitie mchoro wangu wa kurasa 14 kabla ya kuuwasilisha. (Mwanafunzi, hakutaja alipo)

Niletee jumla mbili zisizobadilika ulizozikokotoa kwa mkono wako, pamoja na jibu la kama kuna sifoni inayokauka. Hapo nitausoma. Ulivyo sasa, hapana.