Ukitaka kukusanya noti za dharura za Ujerumani, anza na zile chafu

Watu wananiuliza sana inboksi kuhusu Notgeld, zile noti za dharura za miji ya Ujerumani, na wengi wanataka zenye picha kali za rangi. Tulieni kwanza.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914 watu walificha sarafu za madini ya fedha majumbani, halafu serikali nayo ikawa inataka shaba na nikeli kwa ajili ya silaha, basi chenji ikapotea kabisa, unanunua mkate mwenye duka hana cha kukurudishia. Ndo miji, viwanda na benki za akiba wakaanza kuchapa vikaratasi vyao vya pfenigi (senti za Kijerumani) 10, 25, 50, vingi vinapokelewa hapohapo mjini tu na vina tarehe ya mwisho.

Halmashauri zikashtuka kwamba noti asiyoirudisha mtu ni faida tupu! Kufika 1920 na 1921 wakawa wanachapa seti nzima kwa ajili ya wakusanyaji tu, mji wa Hameln wakaweka mpiga filimbi wa hadithi yao, yule aliyewatoa panya mjini, mji wa Bielefeld wakachapa mpaka kwenye hariri, na kuna seti zilizouzwa zikiwa zimeshaisha muda wake. 1922 serikali kuu ikapiga marufuku mchezo huo.

Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba seti isiyo na mkunjo ni adimu, mwache. Nilipokuwa nasoma Leipzig nilikuwa nazunguka masoko ya vitu vya zamani, hizo zimejaa kwenye maboksi, bei ya kahawa. Mimi natafuta za 1917 hadi 1919, zimekunjwa, zina mafuta ya vidole, hizo zimenunua mkate kweli. Usizibandike selotepu, usizipige pasi (nimeyaona yote haya). Za 1923 zenye sifuri kibao ni habari ya mfumuko wa bei, mark (pesa ya Ujerumani ya wakati huo) trilioni 1 iliishia kuwa Rentenmark 1, yaani pesa mpya iliyoletwa, kwa hiyo sifuri zisikutoe macho.

Na kama uko Tanzania, uliza kwenu kwanza. Kwenye vita hiyohiyo, Wajerumani wakiwa ndio watawala huku, Waingereza walipofunga bahari pesa ikawa haiingii, hivyo 1916 Wajerumani wakagonga sarafu za heller (senti za koloni hilo) 5 na 20 kwenye karakana ya reli Tabora, zina herufi T chini ya mwaka. Ukiikuta kwenye sanduku la bibi usiisugue na ndimu wala majivu, iking'aa tu bei inashuka.