Uliza Ujibiwe: Nigeria ivunje majimbo yake?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya uuguzi Lagos. Wenzangu kazini wamechoshwa na majimbo. Nchi ina magavana 36, mabunge ya majimbo 36, makamishna wasiohesabika, misafara na ving'ora kila kona, na bado kuna walimu wanaodai mishahara ya miezi kadhaa. Wanataka majimbo yafutwe, ibaki serikali moja Abuja na halmashauri chini yake. Nimewaunga mkono, nikawaambia kwetu Bara hatuna magavana na tunaishi. Niko sahihi?
Muuguzi, Lagos

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira ya wenzako ni ya haki. Mwaka 2015 majimbo mengi yalishindwa kulipa mishahara mpaka serikali ya shirikisho ikayaokoa kwa fedha za dharura. Mwalimu aliyekaa miezi bila mshahara usimwambie habari za uzuri wa katiba. Lakini dawa wanayoitaka ilishajaribiwa, tena hapo hapo Nigeria, na haikufikisha miezi minne.

Ilikuwa 1966. Nchi haikuwa na majimbo 36 wakati ule, ilikuwa na kanda nne: Kaskazini, Magharibi, Mashariki na ile ya Kati-Magharibi iliyozaliwa 1963. Januari 15 maofisa vijana wa jeshi walipindua serikali, wakamuua Waziri Mkuu Tafawa Balewa na Ahmadu Bello aliyeiongoza Kaskazini. Madaraka yakamwangukia Jenerali Aguiyi-Ironsi, Mwigbo wa Mashariki. Yeye aliamini kwamba kanda ndizo zilizoleta ukabila, kwa hiyo Mei 24 akatoa Amri Na. 34: kanda zimefutwa, Nigeria ni nchi moja yenye serikali moja.

Hapa nataka msome polepole, maana watu wengi huishia kwenye kichwa cha amri hiyo. Ndani yake mlikuwa na jambo la utumishi: watumishi wa serikali za kanda zote wanaunganishwa kuwa utumishi mmoja. Kwa karani wa Kano hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Kusini kulikuwa na shule nyingi zaidi, tangu enzi za wamisionari. Kijana wa Kaskazini aliyetegemea nafasi katika serikali ya kanda yake alijiona sasa atashindanishwa na wenye vyeti vingi kutoka Enugu na Ibadan, na bosi wake atapangwa kutoka Lagos, mji mkuu wa wakati ule. Siku chache baadaye mitaa ya Kano, Kaduna na Zaria ikawaka. Waigbo wasio na hatia wakauawa. Julai 29 Ironsi mwenyewe akauawa Ibadan pamoja na mwenyeji wake, Luteni Kanali Fajuyi. Luteni Kanali Gowon aliyeshika nchi baada yake akaifuta amri ile na kuzirudisha kanda, lakini mauaji ya Waigbo yakaendelea. Mei 1967 Gowon akaigawa nchi katika majimbo 12, na siku tatu baadaye Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, akaitangaza kanda yake kuwa nchi huru ya Biafra, na vita vikafuata. Unajua tuliingiaje sisi: Aprili 1968 Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra.

Sisemi amri moja ndiyo iliyoleta vita. Mapinduzi, mauaji na mafuta vyote vimo. Ninachosema ni kwamba ukifuta serikali ya jimbo, unagusa ajira ya mtu, hakimu wake, mwalimu wa mwanawe na mlango anaobisha akiwa na shida. Wenzako wanaziona gharama za gavana, na gavana ni sehemu ndogo tu ya kinachofutwa.

Sasa hilo la kwetu. Umewaambia tunaishi bila magavana, na ni kweli, ila kuna kipande umekiruka kwa sababu hukuwa umezaliwa. Mwaka 1972 sisi tulifuta hata hizo halmashauri. Sera iliitwa Madaraka Mikoani. Mimi nilikuwa karani kijana katika mji mmoja wa pwani. Baraza la mji likavunjwa, mafaili tukayafunga kwa kamba, kazi zikahamia kwa maofisa wa wilaya na mkoa waliowajibika kwa serikali kuu. Trekta la taka likipata pancha, dokezo linaandikwa, linapanda kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, linakwenda mkoani, na mkoani linasubiri kasma. Tairi lenyewe lilikuwa linauzwa duka la pili kutoka ofisini kwetu. Mama wa sokoni aliyezoea kumgongea diwani wake hakuwa na wa kumgongea, na yule ofisa aliyeletwa, mtu mwema kabisa, hakuchaguliwa na mama yule wala hakuweza kuondolewa naye. Huduma za miji zikaporomoka nchi nzima, kipindupindu kikaingia, na 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Sheria za 1982 zikarudisha serikali za mitaa zote. Kwa hiyo ukirudi kazini waambie na hilo.

Ningekuwa mimi Mnigeria, ningeanzia kwenye pesa. Kila mwezi mapato ya taifa, yakiwemo ya mafuta, yanakutanishwa Abuja na kugawanywa: serikali ya shirikisho asilimia 52.68, majimbo 26.72, serikali za mitaa 20.60, na majimbo yenye mafuta yanapata asilimia 13 ya mapato ya mafuta yao kabla ya mgawo. Gavana mwenye uhakika wa mgawo huo hana haja ya kumtazama mkulima wake usoni. Yuko kama mwanafunzi wa bweni anayesubiri hela ya matumizi kwa baba. Linganisha na ile Kanda ya Magharibi iliyoishi kwa kakao. Ilianza elimu ya msingi bila ada mwaka 1955, na 1959 ikafungua kituo cha televisheni Ibadan. Na leo hii Lagos unapoishi inakusanya kodi zake kwa bidii, ndiyo maana haitetereki kila bei ya mafuta ikishuka.

Majimbo yalizidi kugawanywa enzi hizi za mafuta: 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991, 36 mwaka 1996. Mkutano wa kitaifa wa 2014 ukapendekeza mengine 18! Kila jimbo jipya ni mkono mwingine kwenye mgawo. Hapo niko na wenzako kabisa: yasiongezwe hata moja, na yaliyo maskini yakikubaliana kuungana, yaungane. Kuyafuta yote kisheria ni ndoto, maana kubadili katiba kunahitaji kura ya mabunge ya majimbo yasiyopungua 24, na wabunge hao wangekuwa wanajipigia kura ya kujifuta wenyewe.

SWALI: Mzee, je, kuna nchi iliyofuta majimbo na isiingie vitani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ipo, ni hiyo yako. Kenya ilipata uhuru 1963 na katiba ya majimbo, chama cha KADU kikiitetea. Novemba 1964 KADU ikajivunja, na Jamhuri ilipotangazwa Desemba 12 majimbo yakabaki mikoa inayotawaliwa kutoka Nairobi. Kufutwa huko hakukuleta vita. Lakini malalamiko ya pembezoni, Pwani yenu ikiwemo, hayakuisha, na Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, safari hii kila mwaka zikiwa na haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Kamerun haikuwa na bahati hiyo. Rais Ahidjo alifuta shirikisho la upande wa Kifaransa na upande wa Kiingereza kwa kura ya maoni ya Mei 20, 1972, na Buea, makao makuu ya upande wa Kiingereza, ikapoteza serikali yake. Mwaka 2016 mawakili na walimu wa upande wa Kiingereza waligoma kwa sababu mahakama na shule zao zilikuwa zinaletewa watu wanaotumia Kifaransa. Waliandamana kwa amani, wakajibiwa kwa nguvu, na tangu 2017 kuna mapigano.