Waulize Wajuzi: Jana bingwa, leo wa arobaini

SWALI: Asalaam aleikum. Hapa Kisauni tunaangalia baiathloni kwenye runinga, ule mchezo wa Wazungu wa kuteleza thelujini kwa skii (vibao virefu vya miguuni) na kupiga shabaha. Mtu ashinda Ijumaa, mbio zijazo awa wa arobaini. Vijana wa mikeka wasema mbio zimeuzwa. Kweli?

JIBU: Waaleikum salaam. Waambie wahesabu risasi kwanza. Mbio fupi za wanaume ni kilomita 10, na shabaha hupigwa mara mbili: risasi tano mtu akiwa amelala, tano akiwa amesimama. Kila anayoikosa humgharimu mzunguko wa adhabu wa mita 150, kama sekunde 23 hadi 25. Wa kwanza na wa arobaini mara nyingi hutengana kwa dakika mbili hivi. Akikosa tatu, zaidi ya dakika ishakwenda, na miguu haina hatia. Kwenye mbio za kilomita 20 hakuna mzunguko, kila kosa huongezewa dakika nzima.

Kwenye runinga vile vishabaha vyeusi vyaonekana sawa, lakini anayelala lazima apige katikati, milimita 45 tu, upana wa yai la kuku, umbali wa mita 50. Aliyesimama ana milimita 115, ila hapo bunduki ya kilo tatu unusu au zaidi yabebwa na mikono, na moyo wapiga zaidi ya mara 160 kwa dakika. Mjuzi hupunguza mwendo kabla ya kufika, hutazama vibendera vya upepo, kisha kila risasi na pumzi yake. Akishikilia pumzi mno, macho yanaingia ukungu na miguu yaanza kutetemeka. Risasi ya tano ndiyo huponza wengi: nne zimeingia, akili ishatoka mbio.

Na upepo. Bunduki hurekebishwa kabla ya mbio. Upepo ukigeuka baadaye, risasi zote zahamia upande mmoja. Asipozungusha kirekebishi cha kulengea, atapiga vizuri sana pasipo shabaha.

SWALI: Mtu akiharibikiwa msimu mzima, ndiyo basi? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: La. Martin Fourcade wa Ufaransa alitwaa Kombe la Dunia la jumla, yaani taji la pointi za msimu mzima, mara saba mfululizo, 2012 hadi 2018. Msimu uliofuata akamaliza wa 12. Mwaka wa 2020 alirudi, akakosa taji kwa pointi mbili tu, akastaafu huku ameshinda mbio zake za mwisho. Ole Einar Bjørndalen wa Norwe alipata dhahabu ya Olimpiki Sochi 2014 akiwa na miaka 40, tena baada ya kukosa risasi moja; 2018 hakuchaguliwa hata kwenda Olimpiki.

Kinachoangusha msimu mara nyingi si uzee. Ni mafua yaliyoshuka kifuani: anayerudi mazoezini mapema hujikuta mzito hadi msimu uishe. Au ni skii. Nta inayopakwa chini ya skii isipolingana na theluji ya siku hiyo hupoteza sekunde kila kilomita, na hapo mpiga shabaha hodari hana la kufanya. Ukitaka kumhukumu mchezaji, tenganisha muda wa kuteleza na makosa ya shabaha. Matokeo huorodhesha vyote viwili.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13, aweza kuanzia hapa Mombasa? (Mama wa Likoni)

JIBU: Mama, miguu na mapafu aweza. Hata Wazungu wiki za kiangazi hutumia skii za magurudumu kwenye lami. Atafute lami laini isiyo na magari, avae kofia ngumu na glavu, kwani skii hizo kwa kawaida hazina breki, na aanze bila fimbo za kujisukumia mpaka ajue kusawazisha mwili. Bunduki aisahau kwa sasa. Watoto hufundishwa kwa za leza. Theluji ndiyo itakayohitaji safari: Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, Nagano 1998, alijifunzia skii Ufini.