Jibu: Daktari wa upasuaji anaweza kuongoza chuo kikuu?

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama binti yako akishika njia ya upasuaji atakuwa amejifungia mlango wa kuongoza chuo kikuu. La hasha! Mtazame marehemu Profesa George Magoha. Alisomea udaktari Lagos, Nigeria, akabobea katika upasuaji wa njia ya mkojo, na mwaka 1988 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo kwenye kufundisha ndipo penye jibu lako. Hakutoka chumba cha upasuaji akaingia moja kwa moja ofisi ya naibu chansela; alipanda ngazi, akawa profesa, akaongoza kitivo cha tiba, hadi 2005 akakabidhiwa chuo kizima kwa miaka 10. Baadaye akawa Waziri wa Elimu.

Kwa hiyo binti akishamaliza miaka 6 ya udaktari, mwaka wa mafunzo kazini na uzamili wa upasuaji, atafute nafasi ya kufundisha na aandike utafiti. Akirudi huku Malindi kutibu tu, ni heri kubwa kwetu (madaktari bingwa tunawahitaji mno), lakini vyeo vya chuo hupatikana chuoni. Yuko mwaka wa ngapi sasa?