Mvishe mwanasesere kuanzia ndani

Gauni langu la mtindo wa 1865 limeshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa wanasesere. Nalitaja mapema kwa sababu furaha yenyewe siwezi kuificha. Tangu niweke picha zake, nimeulizwa swali moja na watu wengi, na wa kwanza kuliuliza alikuwa dada mmoja anayeshona kama mimi: "Yako umeisimamishaje? Sketi yangu nimeijaza neti na bado imelala."

Dada, neti itoe. Miaka ile mwanamke wa Ulaya hakutegemea gauni lijisimamie lenyewe. Alivaa shumizi, akakaza koseti, yaani vazi gumu la kubana kiuno, akafunga kiunoni kizimba cha pete za chuma zilizoning'inia kwenye kanda, kisha gagulo juu yake. Kizimba hicho kilipewa hataza Ufaransa mwaka 1856, na kufikia katikati ya miaka ya 1860 umbo lake lilikuwa limebadilika: mbele kimebapa, nyuma kimetoka. Neti husukuma pande zote sawasawa, kwa hiyo hata ikisimama, umbo litakalotokea si la 1865.

Mwanasesere wangu ana kichwa cha kauri na kiwiliwili cha ngozi, urefu sentimita 40, yaani robo ya mwanamke hivi. Pindo la sketi ya enzi ile liliweza kufika mita 4 kuzunguka. Kwake ni mita 1. Pete nilizitengeneza kwa waya mwembamba wa chuma nilioupitisha ndani ya kanda za pamba, ncha nikaziunganisha nyuma na kuzizungushia uzi hadi zisikwaruze kitu. Kazi ya jioni nyingi, na hakuna mtazamaji anayeiona. Ndiyo iliyoshinda lakini. Majaji waliinua pindo, wakatazama kizimba, wakaita wenzao.

Baada ya hapo kuna kazi ya kuingiza mita nzima ya kitambaa kwenye kiuno cha sentimita 15. Ukivuta uzi mmoja tu utapata uvimbe kiunoni. Piga bandi mistari miwili sambamba, kila mshono wa chini ukae sawasawa chini ya wa juu, halafu vuta nyuzi zote mbili pamoja. Kitambaa kitajikunja kuwa marinda membamba yaliyosimama wima. Kila rinda lishikize kwenye ukanda wa kiuno kwa mshono wake, kwa mkono. Ndivyo mafundi wa wakati ule walivyofanya, na ndiyo sababu sketi zao zilitoka kiunoni kwa kishindo bila kunenepesha tumbo.

Kuhusu kitambaa: unene haupungui kwa sababu mwanasesere ni mdogo. Kitambaa cha nusu milimita kwake ni cha milimita 2, sawa na wewe kushonewa gauni la blanketi. Ua la sentimita 3 kwake lina upana wa sentimita 12. Tafuta hariri nyepesi au melimeli, ile pamba laini nyembamba. Poliesta iache, haishiki mkunjo wa pasi ya nyumbani kirahisi.

Sasa niseme linaloniuma. Kwenye maonyesho mengine, kabla ya haya, gauni langu la zambarau iliyokolea lilikatwa alama. Jaji alisema rangi ile ni ya kisasa mno kwa mwaka 1865. Sikubishana naye mbele za watu, nikakunja vitu vyangu nikaondoka, na maneno yale nimelala nayo muda mrefu. Jibu langu ni hili: William Perkin, kijana wa Uingereza, alipata rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, na miaka michache baadaye wanawake wa London na Paris walikuwa wakiivaa kwa fujo. Zambarau ilikuwa ndiyo rangi ya wakati wake! Safari hii nimeshona zambarau ileile, na imeshinda.

Ndugu zangu, someni mwaka kabla ya kununua kitambaa. Zipu ya nguo ni ya karne ya 20, kwa hiyo gauni la 1865 lifungeni kwa kulabu ndogo. Cherehani ilikuwepo, basi mishono mirefu ya sketi mnaweza kuipiga kwa mashine mkiwa na dhamiri safi. Gauni la 1780 shoneni lote kwa mkono. Na gundi? Gundi si mshono. Anayebandika pindo kwa gundi asijiite fundi.

Jambo jingine kwa wenye wanasesere wa ngozi kama wangu: zambarau huchuja. Fueni kitambaa hadi maji yatoke meupe, kisha wekeni bitana ya melimeli nyeupe kwenye bodi, yaani sehemu ya juu ya gauni, na mikono. Doa likishaingia kwenye ngozi kuukuu halitoki.

Wewe dada wa neti, nitumie urefu wa mwanasesere wako, kipimo cha kiuno, na mwaka unaoutaka. Mwaka huo usiukadirie. Ukiniambia 1885, hiki kizimba hakikufai kabisa: wakati huo mbele na pembeni sketi inashuka wima, na ujazo wote umepandishwa nyuma, chini kidogo ya kiuno.